Meno ya Kompadre

Wimbo ulianza wakati Eusebio Cantú amejaza maharage mdomoni, mchezo wa mpira wa kikapu umesimama na matangazo yanapita. Kwanza ilisikika kodiani, kisha sauti ya mwanamume wa miaka thelathini na saba mwenye meno yake yote. Kwenye televisheni pikapu nyekundu ilikuwa ikipanda kilima cha changarawe na kurusha vumbi. Herlinda, mkewe, alitoka jikoni na taulo begani akasimama mlangoni.

"Ni wewe huyo," akasema.

Eusebio aliacha kutafuna. Kilichokuwa kikiimbwa ni kiitikio cha "Unga Mikononi", wimbo aliomtungia Herlinda enzi zile anasukuma tortila, chapati zetu za unga, kwenye kiwanda kidogo cha mtaa wetu na kutoka kazini mikono myeupe hadi viwikoni. Kiitikio kile huishia kwa jina lake. Lakini ilipofika zamu ya jina, sauti ya Eusebio ikashushwa, na bwana mmoja mwenye sauti ya kuuzia vitu akataja jina la pikapu na malipo yake ya kila mwezi.

"Sasa jina langu wamelipeleka wapi?" Herlinda akauliza.

"Wamelikata."

"Nani kawaruhusu?"

Eusebio alimeza maharage taratibu, ulimi ukishikilia meno ya juu yasidondoke. Meno yenyewe yalikuwa ya bandia, ya bei ya chini, na yalimfanya apige mluzi kila alipotamka neno lenye herufi s. Ya kwake yalikuwa yameng'olewa yote miaka miwili nyuma, na tangu hapo hakuwa ameimba hata bafuni. Akicheka, aliziba mdomo kwa kiganja.

"Labda kompadre alisahau kutuambia," akasema.

"Kompadre huyu hasahau hata siku aliyozaliwa mbwa wake."

Kompadre mwenyewe ni Abelardo Treviño, mwenye kampuni ya kurekodi muziki ya Anacua, na ndiye aliyemshika Maricruz, binti yao wa pekee, kwenye maji ya ubatizo mwaka 1991. Mtu akikubatizia mtoto mnakuwa makompadre, na mkeo anakuwa komadre wake. Hamwitani tena kwa majina, hamgombani mbele ya watu, na mkipeana karatasi hamzisomi, kwa sababu kusoma karatasi ya kompadre ni kunusa chakula alichokupakulia. Mkataba wa Eusebio ulisainiwa siku ileile ya ubatizo, juu ya boneti ya gari, nje ya ukumbi wa kanisa, keki ikiwa bado haijakatwa. Upande wetu huu wa magharibi wa San Antonio, wanamuziki ishirini na mmoja wamerekodi kwa Treviño tangu aanze. Watoto wake wa ubatizo ni kumi na tisa. Wale wanamuziki wawili waliobaki hawakujaliwa watoto.

Mimi ni mmoja wa waliokula keki ile, na naona aibu kusema kwamba siku ile tulimpigia makofi.

*

Jumatatu Eusebio alivaa shati lake la kupigia muziki akaenda ofisini Anacua. Karani wa mapokezi, msichana wa miaka ishirini na kitu, alimuuliza jina, naye akalitaja. Msichana akamuuliza linaandikwaje. Juu ya kichwa chake ukutani palikuwa na bango la albamu ya kwanza ya Eusebio, yeye mwenyewe kasimama na kodiani kifuani, ila usoni mwa picha mtu alikuwa amepachika kalenda ya duka la matairi.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mashine ya kunakili kwa saa moja na dakika kumi. Mara mbili aliombwa asogeze magoti ili watu wapite. Alikuwa fundi wa mabasi ya jiji kwa miaka ishirini na sita na alijua kungoja, lakini kungoja chini ya uso wako mwenyewe uliofunikwa tarehe ni jambo jingine. Ndipo Treviño alipotokea, mzee wa miaka sabini na sita mwenye buti za ngozi ya mbuni, manukato yakimtangulia.

"Kompadre! Wamekuweka hapa kama mtu aliyeleta maji ya kunywa? Watoto wa siku hizi hawana adabu. Njoo, njoo ndani."

Akamkumbatia, akampigapiga mgongoni, akamwekea kahawa na sukari vijiko vitatu kama anavyopenda. Treviño hasahau mambo ya namna hiyo.

"Tumeliona tangazo," Eusebio akasema, kiganja karibu na mdomo.

"Mmeliona! Nilitaka liwashtukize. Komadre kasemaje? Alilia?"

"Aliulizia jina lake."

Treviño akacheka mpaka akakohoa. "Wanawake! Mwambie jina lake limo moyoni mwa watu. Pale walihitaji tu nafasi ya kusema bei."

"Sasa, kompadre, nilikuwa najiuliza kama kuna kitu kidogo kwa ajili yetu. Kwa sababu ya tangazo."

Cheko likakoma. Treviño alimtazama kwa huzuni, huzuni ya mtu aliyekosewa na ndugu. "Unanivunja moyo. Kingekuwepo ningekuletea mwenyewe, kwa miguu. Lakini bado unadaiwa na kampuni. Studio, kaseti, mabango, vile vitu vyote. Dola elfu thelathini na nane na zaidi."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo. Nimewahi kukudai mimi?"

"Hapana, kompadre."

"Basi. Wala sitakudai. Tuyaache. Meno yanaendaje? Yule daktari anataka ngapi?"

"Elfu kumi na moja na mia nne. Ya kupandikizwa kwenye taya kabisa. Anasema nikiwekewa yale nitaimba kama zamani."

Treviño akatoa kidaftari mfukoni akaandika. Eusebio alidhani anaandika jina la daktari, akaguswa. Kisha kompadre akamwambia kwamba Jumapili, baada ya misa, yeye na mwanawe Abel watakuja kula nyumbani, na nyama wataleta wao. Kulikuwa na wakubwa fulani wa Los Angeles waliotaka kuinunua hazina yote ya nyimbo za Anacua, na watu wale walipenda mambo yawe safi, kwa hiyo kungekuwa na kikaratasi kidogo cha kusaini. Na hundi pia ingekuwepo, kwa sababu yeye hasahau watu wake.

"Halafu chukua hii," akasema, akimpa bahasha ya kaki. "Ni hesabu yako tangu mwanzo. Mpe binti yangu Maricruz aihifadhi. Siyo ya kusoma, ni ya kujua tu kwamba nimekubeba."

*

Maricruz aliisoma. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa karani wa madai ya bima kwenye kliniki ya macho, akiwafundisha wagonjwa wazee kuhoji bili walizoletewa. Alikuja kwa wazazi wake jioni baada ya kazi, akakaa kwenye meza ya jikoni, akavua viatu, akafungua bahasha kabla baba yake hajamaliza kumwambia asiifungue.

Alisoma kurasa zote nne. Halafu akarudi ukurasa wa kwanza.

"Mama, lile gauni langu la ubatizo alininunulia nani?"

"Baba yako wa ubatizo. Si unajua. Lesi ya Monterrey ile."

"Dola mia na themanini. Imeandikwa hapa, malipo ya awali kwa msanii, yaani deni." Akapitisha kidole chini. "Keki, tisini na tano."

"Keki aliileta yeye kama zawadi," Herlinda akasema.

"Mwaka 1998. Maua, mazishi ya Bibi Cantú, mia mbili na arobaini."

Eusebio alikuwa anakoroga kahawa ambayo haikuwa na kitu cha kukorogwa. Lile shada alilikumbuka vizuri. Lilikuwa kubwa kuliko yote kanisani, na lilikuwa na utepe wa dhahabu wenye jina la kampuni. Alikuwa amemshika Treviño mikono yote miwili mbele ya jeneza la mama yake na kumshukuru huku akilia.

"Bendi ya sherehe yangu ya miaka kumi na tano, elfu moja na mia tano. Lile bango la dhahabu walilokutunuku, lililoko sebuleni, na fremu yake, mia sita." Maricruz alikuwa akisoma kwa sauti ya kazini, isiyo na moto wala baridi. "Mwaka juzi, Desemba. Meno, mia tatu na ishirini. Yako ukurasa wa nne, Baba. Na tangazo la pikapu halimo popote."

"Meno alinipa kama Krismasi," Eusebio akasema.

Herlinda alitoka, akaenda chumbani, wakasikia mlango wa kabati. Alirudi na furushi la karatasi laini ya buluu. Akaliweka mezani bila kulifungua, akakaa nalo mbele yake.

"Ni wahasibu hao," Eusebio akasema tena. "Mtu ana kampuni, ana makarani. Kompadre hajui kila kinachoandikwa."

"Baba, aliandika kwenye kidaftari mbele yako."

"Aliandika jina la daktari."

Maricruz alijua kubishana na baba yake kuhusu mtu huyu ni kazi bure, kwa hiyo Jumamosi alikwenda maktaba, ambako wakili mmoja, mama wa makamo, huwashauri wanamuziki bila malipo kila mwisho wa mwezi. Alirudi na ukurasa mmoja wa maelezo aliouandika kwa mkono. Sheria ilisema mtu aliyeuza nyimbo zake ana haki ya kuzidai zirudi baada ya miaka thelathini na mitano. Mkataba ulikuwa wa mwaka 1991, kwa hiyo zingeweza kurudi 2026. Sharti ni barua, na barua ipelekwe angalau miaka miwili kabla. Ilikuwa ni mwezi Machi, 2024.

"Na hicho kikaratasi kidogo cha kesho," Maricruz akasema, "ndicho kinachofuta hayo yote. Ukikisaini, unakuwa umewauzia upya na miaka inaanza kuhesabiwa tena kutoka moja. Utakuja kuzidai ukiwa na miaka mia na mitano."

"Ndiyo maana ana haraka," Herlinda akasema.

Eusebio alikuwa akitazama dirishani. Alipozungumza, alizungumza polepole ili mluzi usimtoke. "Nyie mnaongea kuhusu nyimbo kama vile ni vyombo vya kabatini. Mimi sitaki kuziweka. Nataka kuziimba. Hundi ya kesho ni mdomo wangu, Maricruz. Nina miaka sabini. Wimbo ukirudi kwangu na mimi sina mdomo, nitaufanyia nini?"

Maricruz alisema tu wangeweza kukopa. Baba yake akamwuliza nani atamkopesha mzee wa pensheni.

"Na kitu kingine," Eusebio akasema. "Kesho hapa mezani sitaki neno. Yule ni baba yako wa ubatizo. Ukimwaibisha ndani ya nyumba yangu, sitaweza kutoka nje tena. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Baba."

*

Jumapili walikuja saa sita. Treviño alibeba yeye mwenyewe mfuko wa barbakoa, nyama ya kichwa cha ng'ombe iliyopikwa usiku kucha, ratili nne, mafuta yameshalowesha chini ya mfuko. Abel, mwanawe, mwanamume wa miaka arobaini na mitano aliyesomea biashara huko Austin, alileta chupa mbili za soda nyekundu na mkoba wa ngozi. Kabla ya kukaa, alifuta kiti kwa karatasi ya mkononi, akaitazama karatasi, akaikunja.

"Komadre, nyumba inanukia kama nyumba ya mama yangu," Treviño akasema, akambusu Herlinda shavuni. "Na huyu binti yangu bado hajanipa mjukuu. Unangoja nini, wewe? Nimeshachagua jina."

"Nangoja bei ya gauni ishuke," Maricruz akasema. Baba yake akamkazia macho, naye akageuka kupakua wali.

Walikula. Treviño alisimulia habari za zamani, jinsi basi la bendi lilivyoharibika njia ya Laredo na Eusebio akalitengeneza kwa mkanda wa suruali, na alisimulia vizuri, kama kawaida yake, mpaka hata Herlinda akatabasamu. Kisha akachagua vipande vya shavu la ng'ombe, vile vinavyoyeyuka, akamrundikia Eusebio sahanini.

"Kula hivi, kompadre, hivi havihitaji meno. Mwachie Abel vya kutafuna."

Akacheka. Eusebio naye akacheka, akiziba mdomo. Abel hakugusa nyama. Alikula tortila kavu moja na kuangalia simu.

Sahani ziliposogezwa, mkoba ulifunguliwa. Karatasi zilikuwa sita, kila moja na kibandiko cha manjano mahali pa kusaini, ili mtu asipate shida ya kutafuta wala sababu ya kusoma. Hundi iliwekwa katikati ya meza, chini ya chupa ya pilipili isipeperuke. Eusebio aliinama kuisoma, na macho yakamjaa machozi.

"Elfu kumi na moja na mia nne," akasema.

"Niliandika ili nisisahau. Nilimwambia Abel, kompadre wangu atapata meno yake, na asipungukiwe hata dola moja."

"Wala asizidishiwe," Maricruz akasema. "Kama daktari angetaka elfu nne, hundi ingekuwa ya elfu nne?"

"Maricruz," baba yake akasema.

Mikono ya binti ilikuwa chini ya meza, imeshika kurasa nne za hesabu alizozificha kwenye aproni ya mama yake aliyojifunga. Alikuwa ameahidi, na katika nyumba ile ahadi kwa baba ilikuwa ahadi.

"Mwache mtoto, ana akili, hiyo ni kazi yangu nzuri," Treviño akasema kwa upole. Akatoa kalamu yake mwenyewe, nzito, akaifungua kifuniko, akamwekea Eusebio mkononi. "Hapo kwenye manjano, kompadre. Mara sita tu, kisha tunywe kahawa."

Eusebio akaivuta karatasi ya kwanza. Abel alikuwa amesimama, anakusanya mifuko mitupu ili apate nafasi ya kuweka mkoba. Akapekua mfuko wa nyama, akautikisa.

"Baba, risiti ya barbakoa iko wapi? Humu haimo."

"Ninayo mimi. Baadaye."

"Nipe sasa niipige picha. Ya mwezi uliopita ilipotea, tukashindwa kuiingiza."

Treviño alitoa risiti mfukoni mwa shati bila kuangalia, kama anavyotoa mtu aliyeitoa mara elfu. Abel akainyoosha mezani kando ya sahani ya Herlinda, akaipiga picha kwa simu, kisha akaanza kuandika kwa kidole gumba. Herlinda alikuwa ameketi jirani. Miwani alikuwa nayo kwenye nywele. Aliishusha.

"Unaandika nini hapo, Abel?"

"Ni utaratibu tu, mama. Mambo ya kodi."

"Naona umeandika Cantú."

"Ni faili tu. Kila matumizi lazima yawe na faili."

"Hata soda?"

Abel alitazama chupa za soda, na mimi naamini kwa dhati kwamba alikuwa anajikumbusha kama alichukua risiti yake. Hakuwa na ubaya wowote usoni. Hilo ndilo linalonichefua mpaka leo, kwamba hakuona haya kwa sababu hakujua kuna jambo la kuonea haya. Alilelewa hivyo, kama wengine tunavyolelewa kunawa kabla ya kula.

Eusebio aliweka kalamu mezani.

"Kompadre," akasema, "hii nyama ni ya nani?"

"Achana na mambo ya wahasibu. Saini."

"Nimekuuliza nyama niliyokula ni ya nani."

"Ni yetu sote. Nyama ni nyama, kompadre, usiniharibie Jumapili."

"Nilikwambia asante kwa maua ya mama yangu," Eusebio akasema. "Nilikushika mikono. Ulikuwa unajua siku ile?"

Treviño alimtazama Maricruz, na sasa macho hayakuwa ya baba wa ubatizo. Alielewa kwamba bahasha ilifunguliwa. Kwa muda alitafuta sauti yake ya upole, hakuipata.

"Haya, mmesoma. Mmesoma karatasi za kompadre wenu kama polisi. Nani aliyekuokota kwenye mabasi ya jiji, Eusebio?" Kwa miaka thelathini na tatu hakuwa amemwita kwa jina. "Nani alikupigisha redioni? Bila mimi huo wimbo ungebaki kuimbwa kwenye harusi za binamu zako. Hutaki kusaini, usisaini. Nyimbo zikurudie. Halafu? Utaziimba kwa meno gani?"

Herlinda alinyanyuka, akachukua lile furushi la buluu juu ya friji, lilipokuwa tangu jioni ya bahasha, akaliweka mbele ya Treviño juu ya mafuta yaliyomwagika mezani.

"Gauni," akasema. "Mia na themanini, ukurasa wa kwanza. Halijawahi kufuliwa kwa sabuni kali."

Eusebio aliingiza kidole gumba mdomoni, akasukuma. Meno ya juu yalitoka na sauti ndogo ya kunata, yana nyuzi za nyama ya shavu zimejishika kwenye fizi za plastiki. Akayaweka juu ya karatasi ya kwanza, pale penye kibandiko cha manjano. Mate yakaanza kulowesha wino.

"Mia tatu na ishirini," akasema. Bila meno maneno yalimtoka yakiwa mapana na matupu, lakini wote waliyaelewa. "Ukurasa wa nne. Chukua."

Abel alirudi nyuma hatua moja, mkono umeziba pua. Treviño hakusogea. Aliyatazama yale meno, kisha akamtazama mtu aliyeyatoa, midomo imezama ndani, uso umezeeka miaka kumi ghafla.

"Abel," akasema mwishowe, "chukua hundi."

Abel akaivuta hundi chini ya chupa ya pilipili. Ilikuwa imeshika doa jekundu kwenye kona. Akaifuta kwa karatasi ya mkononi, mbele na nyuma, kwa uangalifu, akaiweka kwenye mkoba. Gauni aliliacha. Meno pia angeyaacha, lakini Herlinda aliyafunga kwenye moja ya zile karatasi sita, akayatia kwenye mfuko wa barbakoa pamoja na nyama iliyobaki, akampa mkononi.

"Pima kwanza," akamwambia. "Tumekula kama ratili mbili na nusu. Usije ukatuandikia nne."

*

Walipoondoka, Herlinda alifuta meza kwa dawa ya madoa, akaifuta tena, na mara ya tatu Maricruz akamwambia inatosha. Harufu ya mafuta haikutoka. Eusebio alikaa palepale alipokuwa, mkono mdomoni, halafu akaushusha, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumficha.

Maricruz alileta kompyuta yake, akaiweka mahali paliposafishwa.

"Wakili alinipa mfano," akasema. "Ni ukurasa mmoja tu. Unataja mkataba, tarehe na nyimbo zote kwa majina. Nianze na ipi?"

"Anza na ya mama yako."

Akaandika. Baba yake alimtajia nyingine, kumi na moja, bila kukosea mpangilio wa kaseti, upande wa kwanza na wa pili. Mbili kati ya hizo Maricruz hakuwahi kuzisikia. Alipomaliza, Maricruz akarudi mwanzo wa ukurasa.

"Na hapa mwanzoni niweke nani? Nimwandikie kompadre?"

Eusebio alifikiri kwa muda mrefu kuliko alivyofikiri siku aliyosaini juu ya boneti. Kilichomuuma si pesa wala tangazo. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa amempenda mtu yule, na kupenda kwenyewe kulikuwa kwa kweli, kusikoandikwa ukurasa wowote.

"Andika Bwana Abelardo Treviño," akasema. "Kama jina lilivyo mlangoni kwake."

Ukurasa ulipochapishwa, Eusebio akasaini kwa kalamu ya bure ya kliniki ya macho. Kesho yake barua ingepelekwa posta, isajiliwe ili mpokeaji aisainie.

"Baba," Maricruz akasema, "ujue hazirudi kesho. Ni miaka miwili kamili. Na huenda wakatuburuza mahakamani kabla ya hapo. Miaka miwili hivyo hivyo, bila meno."

Eusebio alimtazama mkewe. Herlinda alikuwa ameshawasha jiko, anaponda maharage kwenye kikaango, akiyaponda laini kuliko siku zote.

"Maharage tunayo," Eusebio akasema.